Siku Niliyomwita Mjukuu Wangu kwa Jina

Jumapili jioni, Makadara. Manyunyu tangu alfajiri, nguo hazikauki.

Shajara yangu, nimerudi. Mwili ndio umerudi, maana roho naona bado iko njiani, pengine imesimama pale uwanja wa ndege ikingoja sanduku lake.

Tangu juzi nikitembea ndani ya nyumba sakafu inapanda na kushuka polepole, vile feri za Istanbul zinavyofanya zikikaribia gati. Leo asubuhi nilikuwa nikiosha kikombe nikajikuta nimeshika ukingo wa sinki nisianguke. Binti yangu Muthoki anasema ni uchovu wa safari, nilale. Sitaki kulala. Nataka nibaki hivi hivi kwa siku moja zaidi, nusu huku nusu kule, kabla honi za Jogoo Road hazijaniamsha.

Kwa mgeni uliyeingia hapa leo: mimi ni karani mstaafu na mjane, nina miaka sitini na sita, na mpaka mwezi huu sikuwa nimewahi kuvuka mpaka wowote. Ukurasa huu nilifunguliwa na Muthoki nilipostaafu, eti nisizeeke kwa kunyamaza. Nashuku nusu ya wasomaji wangu ni yeye.

Nina jambo la kukiri. Lakini acha kwanza niote kidogo.

Kijana wangu Mutuku anaishi Ujerumani na mkewe Katrin, na watoto wao wawili: mvulana wa miaka mitano na msichana wa miaka mitatu. Wajukuu hao nilikuwa sijawahi kuwagusa. Niliwajua kwa simu tu, nyuso zinazoganda katikati ya kicheko mtandao ukilala. Mwaka huu Mutuku akaamua tukutane njiani. Wao washuke, mimi nipande, tukae pamoja siku tisa kwenye nyumba ya kukodi huko Istanbul. Nilikwenda soko la mitumba la Gikomba nikajinunulia koti zito la rangi ya maziwa, na mwenye kibanda akaniapia kwamba limetoka huko huko ninakokwenda.

Kule asubuhi inaanza na ndege wa baharini. Wanalia juu ya paa kama watoto wachanga, na siku ya kwanza niliamka nikatafuta ni mjukuu gani anayelia. Kisha adhana inaanza mahali fulani, nyingine inaipokea ng'ambo ya maji, na nyingine mbali zaidi, hata unadhani mji mzima unaulizana umeamkaje. Mimi ni mtu wa kanisa, lakini adhana za Majengo na mitaa hii yetu nimezilalia na kuziamkia tangu nikiwa msichana. Nilipoisikia kule nilijua sijapotea.

Paka wanalala juu ya viti vya mikahawa na hakuna anayewafukuza. Mteja ndiye anayetafuta kiti kingine. Chai inaletwa kwa vigilasi vidogo visivyo na mkono, ya moto kabisa, bila maziwa, na baada ya siku mbili nilikuwa nimeshajua kuvishika kwa ukingo na vidole viwili kama mwenyeji. Huko nje upepo una baridi na jua lina joto, vyote kwa pamoja, na unakaa tu ukitazama maji yakibadilisha rangi, na hakuna anayekuuliza unangoja nini.

Siku ya pili nilimfunga yule msichana mgongoni kwa leso. Akina mama wa pale walikuwa wakitupita, wanarudi, wanamshika kidole cha mguu na kusema maneno ambayo sikuyajua ila niliyaelewa. Alilala usingizi mzito, shavu limebanwa kwenye koti langu la Gikomba, nami nikatembea barabara yote ya kando ya maji bila kukumbuka kwamba nina magoti.

Anaitwa Mbithe. Ni jina langu. Kwetu Ukambani mtoto wa kiume wa kwanza hupewa jina la babu yake mzaa baba, na wa kike jina la nyanya yake. Kwa hivyo Mbithe ni mimi, na nilimwita kutwa nzima, Mbithe njoo, Mbithe kula, Mbithe vaa viatu, kwa raha ya mtu anayejiita mwenyewe utotoni.

Na kaka yake ni mume wangu.

Ndivyo nilivyokuwa nikimwita. Ni utani wa siku zote kati ya nyanya na mjukuu, hasa mjukuu aliyebeba jina la marehemu. Mume wangu, umekula? Mume wangu, utaniletea zawadi gani? Kwenye simu alikuwa akicheka na kujificha nyuma ya baba yake. Pale Istanbul, ana kwa ana, hakucheka.

Siku ya tatu, tukiwa mezani asubuhi, aliweka kijiko chini.

"Susu," akasema, maana ndivyo sisi Wakamba tunavyomwita nyanya, "mimi si mume wako. Mimi nina jina."

Kiswahili alifundishwa na baba yake, na anakitamka kwa makini, neno moja moja, kama mtu anayepanga vikombe kabatini.

"Mbithe unamwita Mbithe. Mimi huniiti."

Kisha akalitaja jina lake, pole pole, ili nilishike, kwa sababu mtoto alidhani silijui. Hapa sitaliandika bado. Mkono haujakubali.

Mutuku akacheka. "Mathe, si umwite tu jina? Buda mwenyewe hangemaindi."

Nikamwambia hajui baba yake angejali nini, anyamaze ale mkate wake.

Sasa nakiri.

Sijawahi kumwita mume wangu kwa jina lake. Hata mara moja.

Wiki ya kwanza ya ndoa, mama mkwe aliniketisha jikoni kwake Kangundo akanipa masharti machache, na moja lilikuwa hilo: mke hamtaji mumewe. Nilikuwa na miaka ishirini na moja, nilimwogopa yule mama, na pia nilitaka sana anipende. Nikashika. Alipozaliwa Muthoki, mume wangu akawa Baba Muthoki na kazi ikawa rahisi. Kabla ya hapo nilikuwa nikimwita kwa kukohoa. Msicheke, alikuwa anaitika.

Aliendesha malori ya masafa marefu, Mombasa, Malaba, Kampala, ila Jumapili alijitahidi awe nyumbani. Alivuka mipaka kwa niaba yetu sote, akirudi ananikuta hapa hapa. Tulikaa hivyo miaka thelathini na minane na sikuona nimepungukiwa na kitu.

Na kazi yangu, jamani, ilikuwa majina. Nilikuwa karani wa mahakama hapa Makadara. Nilisimama kwenye korido nikaita washtakiwa na mashahidi kwa sauti iliyofika hadi kwa wauza mandazi nje ya lango. Nimeita wachuuzi, walevi, matapeli, na hata mchungaji mmoja aliyejifanya hasikii. Jioni narudi nyumbani kwa mtu niliyempenda kuliko watu wote, na huyo ndiye pekee nisiyeweza kumwita.

Alipokuwa anatuacha, miaka saba iliyopita, muuguzi mmoja mwenye huruma aliniambia, "Mama, mwite jina lake. Huwa wanasikia." Nikamshika mume wangu mkono nikasema Baba Muthoki. Nikarudia, Baba Muthoki, Baba Muthoki. Muuguzi alitosheka, akaenda kwa mgonjwa mwingine.

Jina lilikuwa hapa kwenye ulimi. Lilikataa kutoka, au mimi nilikataa kulitoa, mpaka leo sijui. Ninachojua ni kwamba hakugeuka, na tangu siku hiyo najiuliza kama angegeuka kidogo.

Kwa hivyo mjukuu alipozaliwa nikaambiwa jina limerudi nyumbani, nilifurahi hadi nikalia, kisha nikaogopa. Niliona aibu kumpa mtoto kwa urahisi kitu nilichomnyima mwenyewe akiwa anakata roho. Utani wa mume wangu ulinisaidia kukwepa. Kila mtu alicheka, hakuna aliyegundua.

Mtoto wa miaka mitano ndiye aliyegundua.

Na yeye hajui habari za Kangundo wala za hospitali. Alichokiona ni kwamba Susu amekuja kutoka mbali na anamjua dada yake tu. Kuanzia asubuhi ile akanihama. Tukitembea anashika mkono wa mama yake. Tukikaa anachagua kiti cha mbali. Nikisema mume wangu, anatazama dirishani. Niliwapikia chapati kwenye kikaango cha wenyewe, kisichojua chapati ni nini. Alikula tatu nzima, akaiambia sahani asante.

Mara mbili nilijaribu kulisema jina nikiwa peke yangu bafuni, maji yakiwa wazi. Mdomo ulifunguka, ukajifunga.

Siku zilikuwa zikienda. Istanbul ilizidi kuwa nzuri nami nikazidi kuumia, hali ya ajabu sana hiyo, kutembea katikati ya maua na maji yanayong'aa huku ukihesabu asubuhi zilizobaki. Niliogopa nitarudi Nairobi na picha nyingi kwenye simu na mjukuu mmoja badala ya wawili. Na kwa umri wangu na ile bei ya nauli, sikuwa na hakika ya safari nyingine.

Siku ya saba tulikwenda kupanda feri.

Ilikuwa alasiri, kuna upepo. Mutuku alikwenda kununua mikate ya duara yenye ufuta, maana watoto walitaka kuwarushia ndege. Katrin alimbeba Mbithe akawa anahangaika na mashine ya tiketi. Mimi nilibaki na mvulana. Alikubali nimshike mkono kwa sababu mama yake alimwamuru, na mkono wenyewe ulikuwa mkavu, hauna mazungumzo. Upepo ukanifungua leso kiunoni. Nikamwachia ili niifunge. Fundo moja tu, shajara yangu. Wakati huo huo feri nyingine ilikuwa imetia nanga, malango yakafunguliwa, watu wakamwagika wote kwa pamoja, makoti na mifuko na baiskeli.

Nilipoinua kichwa, hayupo.

"Mume wangu!" nikaita.

Watu walinipita. Nikageuka huku, nikageuka kule. Ukingo wa gati ulikuwa hatua kumi kutoka pale niliposimama, na chini yake maji, yale yale niliyokuwa nikiyasifu wiki nzima.

"Mume wangu! Mume wangu, uko wapi?"

Sauti ilikuwa ndogo, ya mtu anayeona haya. Katrin alikuja mbio na Mbithe mkononi, na Kiswahili chake kidogo kikamtoka chote. "Mama, ita jina! Ita jina yake!"

Nikafungua mdomo. Mkono, sasa andika.

Kioko.

Kwanza lilitoka kama pumzi, hata Katrin hakulisikia. Kisha nikavuta hewa yote ya bahari ile nikaita kwa sauti ya korido, sauti niliyodhani niliirudisha ofisini pamoja na funguo siku ya kustaafu. Kioko! Kiokooo! Ndege wakaruka kutoka kwenye paa la kituo. Wanaume waliobeba mizigo wakasimama. Muuza chai mmoja akageuka na sinia lake. Nilikuwa namwita mtoto, naapa nilikuwa namwita mtoto, lakini machozi yaliyokuwa yakinitoka yalikuwa ya siku nyingine na mtu mwingine. Kioko! Niliita bila kupumzika, nikaona kwamba sitaki kupumzika.

Na Kioko akaitika.

"Niko hapa, Susu."

Alikuwa nyuma ya kibanda cha magazeti, karibu kiasi kwamba ningekuwa na fimbo ningemgusa, amechuchumaa mbele ya paka wa kijivu. Akasimama, akajifuta mikono kwenye suruali, akaja kwangu. Hakuenda kwa mama yake. Alikuja kwangu, akashika leso yangu.

"Nilikusikia mwanzo," akaniambia. "Lakini ulikuwa unamwita mume wako. Nikafikiri unamtafuta yeye."

Nilikaa chini pale pale, juu ya saruji ya watu, na koti langu la rangi ya maziwa. Katrin alimkumbatia, akamgombeza kwa Kijerumani, akamkumbatia tena. Mtoto alikuwa amesema kweli tupu na hakujua.

Mutuku akaja anakimbia, mikate imemjaa kifuani. "Mathe, ni wewe ulikuwa unaita? Nimeskia jina ya buda, nikadhani naota."

Ndipo nilipokumbuka kwamba mtoto wangu ana miaka arobaini na hajawahi kusikia jina la baba yake likitoka mdomoni mwangu. Alikaa chini kando yangu, mtu mzima yule, na mikate yake. Tulitazama watu wakiingia kwenye feri yetu mpaka ikaondoka bila sisi. Tulipanda iliyofuata.

Siku mbili zilizobaki sizikumbuki kwa mpangilio. Zimeyeyuka zikawa kitu kimoja chenye jua. Kioko alikuwa ameshajua nguvu zake, akawa anazitumia vibaya. Anajificha nyuma ya mlango, namwona kidole cha mguu, anangoja. "Niite." Namwita. "Niite tena." Nimemwita kwenye ngazi, dukani, bafuni, juu ya feri ndege wakitunyang'anya mkate. Alikaa mapajani mwangu na kisogo chake kikawa chini ya kidevu changu, na nikilisema jina kwa sauti ya chini nilihisi anatabasamu bila kumwona uso. Jina tamu sana. Sikujua. Linaanza meno yakionekana na kumalizika midomo ikiwa imefunguka duara, na ukishalisema mara moja mdomo unataka kulirudia.

Kwenye uwanja wa ndege aliniagiza nikifika nimpigie simu, na nisianze na mume wangu.

Sasa nimekaa hapa. Muthoki alikuja mchana na nyama ya mbuzi ya Kiamaiko, akapika, tukala, nikamsimulia yote haya naye akalia mpaka chakula chake kikapoa. Aliondoka saa tisa. Nikabaki na nyumba, na mvua, na sakafu yangu inayopanda na kushuka.

Nimemfikiria mama mkwe, Mungu amlaze pema. Angekuwepo angenikata jicho. Simlaumu. Alinipa alichopewa, na nilimheshimu mume wangu kwa namna niliyofundishwa, na yeye alijua anaheshimiwa. Hilo sijuti. Najuta saa ile moja ya hospitali, nilipoambiwa mwite, nikaita cheo.

Basi nikafanya jambo la kipumbavu. Nilikaa upande wangu wa kochi nikageukia upande wake, nikasema, kwa sauti ya kawaida ya kumuuliza mtu kama anataka chai:

"Kioko."

Nikangoja. Mvua iliendelea na kazi yake. Nilidhani nitavunjika nisipoitikiwa, ndivyo nilivyoogopa miaka yote hii, kuita mahali pasipo na mtu. Sikuvunjika. Kimya kilikuwa kile kile cha kila siku, ila sasa kilikuwa na jina lake ndani.

Nikaita tena, kwa nguvu kidogo.

Nyumba zetu hizi zimeshikana na kuta ni nyembamba. Upande wa pili anakaa Bi Zuhura, mshona mapazia, mzaliwa wa Majengo, mjane kama mimi. Cherehani yake ikanyamaza.

"Mama Muthoki, unamwita nani, mwenzangu? Una mgeni?"

Ningeweza kumdanganya. Mdomo ulikuwa tayari.

"Namwita mume wangu," nikamwambia.

Nikasikia kiti chake kikivutwa karibu na ukuta.

"Basi mwite, dada," akasema. "Leo Jumapili, hayuko safarini."